Kuvuka Kinangop kwa baiskeli: njia ipi, mwezi gani, tairi gani?

Swali: Kocha, habari. Naishi Kasarani na nimekuwa nikiendesha baiskeli ya graveli, ile ya barabara za changarawe, kwa muda sasa, hasa msitu wa Karura na zile barabara za mashamba ya chai kule Tigoni. Mimi na dada yangu mdogo tunataka kuvuka uwanda wa Kinangop, kutoka Njabini hadi Ol Kalou, kwa siku mbili au tatu, tukikwepa lami kadiri inavyowezekana. Tairi zangu ni za milimita 38, na gia yangu nyepesi kabisa ni meno 40 mbele na 36 nyuma. Mtandaoni nimepata mistari mitano tofauti ya njia ya kufuata kwenye ramani ya simu, na kila aliyeiweka anasema wake ndio bora. Tufuate upi? Twende mwezi gani? Na ndovu je?

Jibu: Dada, mistari yote mitano inaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa siku yake. Anayesema njia yake ndiyo bora pengine alipita Februari, vumbi tupu. Akirudi Novemba kwenye njia hiyo hiyo atabeba baiskeli begani. Kule Kinangop njia huchaguliwa na mvua iliyonyesha usiku wa jana na udongo ulio chini ya gurudumu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoutilia mkazo kuliko mwingine wowote, ni huu: msiondoke Nairobi na mstari mmoja. Ondokeni na mitatu, na mchague kila asubuhi.

Kwa nini mitatu? Kinangop ni kama kidato cha ngazi kati ya Bonde la Ufa na milima ya Aberdare. Mashariki kuna mlima, na kilele chenyewe cha Kinangop kina mita 3,906. Magharibi uwanda unakatika ghafla na kuteremka hadi Naivasha, ambako ziwa liko chini ya mita 1,900. Katikati ndipo mtakapoendesha, kwenye mita 2,400 hadi 2,700. Ukisimama mahali popote ukiwa umeelekea kaskazini, mlima uko mkono wa kulia na bonde mkono wa kushoto. Hamtapotea kamwe mkikumbuka hilo, labda ukungu uwafunike, na ukungu nitausema.

Mvua nayo hufuata umbo hilo. Njabini hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Naivasha, umbali mfupi tu kule chini, hupata kama 650. Kila unaposogea mashariki unaingia kwenye unyevu, kila unaposogea magharibi unatoka. Mito nayo hutoka mlimani, na mingi inakata uwanda kuelekea magharibi kwenda kujiunga na Malewa, na Malewa ndio huo unaolisha Ziwa Naivasha. Ninyi mnakwenda kaskazini, maana yake mtaivuka mito hiyo mmoja baada ya mwingine. Mahali mtakapoivukia ndipo patakapoamua siku yenu itakuwaje.

Hivyo uwanda una kanda tatu, na mstari mmoja ni wa kila ukanda. Ukanda wa juu, ule unaopakana na msitu, una udongo wa volkano uliolegea, unaonyonya maji na kuyapitisha. Hata baada ya mvua ya usiku, kufikia saa nne asubuhi barabara inapitika. Mabonde ya huko bado ni machanga, hayajachimbika sana, lakini ni mengi: unashuka, unavuka kadaraja, unapanda, unapumua mara tatu, unashuka tena. Kwenye ramani njia inaonekana imenyooka, na jioni miguu inakwambia vingine. Huu ndio ukanda ninaoupenda kuliko yote. Msonobari unanukia, ng'ombe wa maziwa wako kila boma, na mlima uko karibu kiasi cha kuona mianzi ikianza pale juu.

Ukanda wa kati ni tambarare, na watu wengi hudhani ndio rahisi. Ni rahisi kukiwa kukavu. Udongo wa huku ni mfinyanzi: juu tabaka jembamba jepesi, chini tabaka zito lisilopitisha maji. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kwenda. Yanakaa pale pale, shamba linageuka kinamasi na barabara inageuka ugali. Na si tope la kuchafua viatu tu. Gurudumu likizunguka mara chache linavaa koti la udongo, nyasi zinajichanganya humo, koti linanenepa hadi linagusa uma wa mbele, na baiskeli inasimama kabisa kama iliyofungwa kamba. Unakwangua kwa kijiti, unasukuma hatua kumi, inasimama tena. Kilomita mbili za namna hiyo zinakula asubuhi nzima, na mchanga uliomo humo unakula rangi ya fremu na mnyororo pia.

Ukanda wa magharibi, ule wa ukingoni, ni mkavu zaidi, una vumbi na mawe, na una mandhari ya kumfanya mtu asahau kunywa maji: Ziwa Naivasha chini, Longonot na mdomo wake wazi upande wa kusini. Tatizo lake ni mito. Kufikia hapa maji yameshachimba makorongo marefu, mto Turasha ukiwa mmoja wao, na barabara nyingi huishia kwenye kingo. Hauwezi kuufuata ukingo moja kwa moja kutoka kusini hadi kaskazini. Unaingia, unatazama, unarudi ndani, unaingia tena mbele. Utumieni kwa vipande.

Na lami inayotoka Flyover, kwenye barabara kuu ya Nakuru, kupitia Njabini, Engineer na Ndunyu Njeru hadi Ol Kalou, inapita katikati ya haya yote. Najua mnataka kuikwepa. Ikwepeni, lakini msiichukie, maana mkiwa kwenye ukanda wa juu au wa ukingoni siku mambo yakiharibika, mnajua upande ilipo na mnaweza kuifikia kabla ya giza. Ni sehemu chache za milimani Kenya zenye uhakika huo, na ndiyo maana nasema Kinangop inafaa kwa safari ya kwanza ya siku kadhaa.

Sasa, namna ya kuchagua asubuhi. Kabla ya kufunga mizigo, toka nje uokote kidonge cha udongo barabarani, si shambani. Ubinye, kisha uuviringishe kati ya viganja utengeneze kijiti chembamba kama penseli. Ukikatika vipande vipande, barabara itawabeba. Ukikubali kuwa kijiti kirefu, kikakunjika bila kupasuka, basi huo ni mfinyanzi ulioshiba maji. Elekeeni ukanda wa juu, au lami hadi mchana. Jaribio hilo ni la dakika moja na linasema kweli kuliko utabiri wa hali ya hewa wa simu, kwa sababu mvua ya Kinangop huweza kunyesha Njabini na kuiacha Murungaru kavu.

Jambo la pili ni kuuliza, na kuuliza kuna namna yake. Ukimuuliza mtu wa bodaboda, "Hii barabara inafika Geta?" atasema inafika, kwa sababu ni kweli inafika, na yeye mwenyewe atapita akiteleza huku na huku miguu ikiwa chini. Muulize hivi: "Gari la maziwa limepita hapa leo asubuhi?" Nyandarua huamka na maziwa. Magari ya kukusanya hupita alfajiri, na dereva wake anaijua kila barabara inayomeza matairi. Kama limepita, nanyi mtapita. Kama wakulima wamepeleka mitungi kwa punda hadi njia panda, hilo ni jibu tosha, geukeni. Na kabla ya swali lolote, salimia vizuri. Habari ya asubuhi, shosho, umeamkaje, guka. Mtu aliyesalimiwa atakuelekeza hadi mti wa kona ya pili.

Ramani ya simu ibebeni, na muipakue kabisa kabla ya kuondoka kwa sababu mtandao hukatika mabondeni. Lakini mjue historia iliyo nyuma ya mistari ile. Eneo hili lilikuwa mashamba makubwa ya walowezi, na kuanzia mwaka 1962, chini ya mpango wa ekari milioni moja, yalikatwa na kugawiwa wakulima wadogo. Kila kipande kilipaswa kuwa na barabara ya kukifikia. Ndiyo maana ukiitazama Kinangop kutoka juu unaona barabara zimenyooka na kukatana kama zilizopigwa rula, nyingi kuliko unavyoweza kuzimaliza. Kwa mwendesha baiskeli hiyo ni neema kubwa. Lakini barabara ya kupimwa kwenye karatasi si lazima iwe imewahi kulimwa na greda. Baadhi huishia kwenye geti la mtu, zingine zimeshapandwa viazi. Mkifika kwenye geti, bisheni hodi. Msiruke ua.

Kuhusu mwezi: nendeni kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Machi. Mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba zinakuwa zimekwisha na mfinyanzi umepata muda wa kukauka. Mvua ndefu hazijaanza. Aprili na Mei sahauni kabisa, na Novemba vilevile. Kuanzia Juni hadi Septemba inawezekana, hasa ukanda wa ukingoni, ila mjiandae kwa baridi ya kweli, manyunyu na ukungu unaokaa hadi karibu saa sita. Ukungu huo ukishuka, hata barabara mnayoijua mtaiona mita chache tu mbele, na lori la viazi halitawaona ninyi. Taa nyekundu ya nyuma iwake mchana pia.

Msidanganywe na jua la Januari. Usiku hauna mawingu, na joto lote huondoka. Kuna alfajiri viazi huungua kwa jalidi na nyasi zinakuwa nyeupe, kisha kufikia saa tano jua la ikweta, kwenye kimo hiki, linachoma shingo na masikio. Mtahitaji glovu na jaketi la kuzuia upepo saa kumi na mbili, na mafuta ya kujikinga na jua saa nne. Upepo nao si haba: kampuni moja ilitaka kujenga hapa mitambo ya umeme wa upepo ya megawati 60, mradi uliofutwa mwaka 2016 baada ya upinzani wa wenyeji. Mara nyingi unatoka upande wa mlima, na huongezeka mchana. Ondokeni mapema, mle kilomita nyingi kabla ya saa sita, na mchana mtembee polepole.

Hewa pia ni nyepesi. Kwenye mita 2,600 oksijeni unayovuta ni kama robo tatu ya ile ya pwani. Ninyi mnaoishi Nairobi mmeshazoea karibu asilimia 82, kwa hiyo tofauti si kubwa ya kuwaumiza kichwa, lakini mlimani utaihisi. Utapanda kilima ambacho Tigoni ungekipanda ukizungumza, na huku mazungumzo yatakatika. Hapo punguza gia, usiongeze nguvu.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye gia yako, ambayo inanipa wasiwasi kuliko tairi. Meno 40 mbele na 36 nyuma ni nzito kwa ukanda wa juu. Ukikanyaga mara 60 kwa dakika, ambayo tayari ni polepole, gia hiyo inakupeleka karibu kilomita 8.7 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 12, na kule kutoka mitoni ipo mingi ya namna hiyo, mtu wa kilo 70 mwenye baiskeli na mzigo wa kilo 15 anahitaji zaidi ya wati 240 ili kushika mwendo huo. Unaweza mara mbili, tatu. Huwezi siku nzima kwenye hewa hii. Ukishindwa utasimama wima juu ya pedeli, na ukisimama wima kwenye murram uzito unaondoka gurudumu la nyuma, linazunguka bure, na umeshashuka unasukuma. Mpelekee fundi baiskeli, muulize kama mkono wa gia wa nyuma utabeba kaseti, yaani yale maduara ya nyuma, yenye meno 42. Kama hautabeba, badilisheni duara la mbele liwe la meno 36 au 38. Hiyo ndiyo pesa ya maana kutumia kabla ya safari hii. Mifuko ya kupendeza ya kufunga kwenye fremu inaweza kungoja. Mfuko wa kawaida usiopitisha maji na mipira miwili ya kufungia vinatosha.

Tairi za 38 zinatosha Februari. Watu watakwambia uweke 45, na kwenye mawe ya ukingoni ni kweli zinastarehesha zaidi. Lakini angalia kwanza nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu, mbele na nyuma. Upana wa kidole kidogo kila upande ndio kiasi cha chini kabisa ninachokubali. Kama 45 itajaza uma, baki na 38: kwenye mfinyanzi tairi jembamba lenye nafasi litapita pale ambapo tairi nene litakwama. Kama baiskeli inakubali tairi zisizo na tyubu, zile za kutia dawa ya maji ndani, fanya hivyo. Sababu yangu ni kayaba. Nyua za kayaba zikipogolewa, miiba hubaki barabarani kwa wiki nzima, mirefu na migumu, na mwenye tyubu anaweza kupata pancha mbili kabla ya chai ya saa nne. Dawa huziba tundu la mwiba wakati gurudumu bado linazunguka. Hata hivyo beba tyubu mbili, viraka, pampu, na kiungo cha ziada cha mnyororo. Fundi wa baiskeli yuko karibu kila soko, na ana mikono mizuri, ila vipuri alivyonavyo ni vya Black Mamba na baiskeli za milimani za kawaida.

Kwa upepo wa tairi, kama una kilo 65 hivi, anza na psi (kipimo cha upepo kwenye pampu) 35 mbele na 38 nyuma. Ukitumia tyubu ongeza kidogo ili isibanwe na mawe. Kuna vipande ambavyo malori yamevikunja kuwa mawimbi madogo madogo, tikitiki hadi meno yanagongana. Hapo tafuta ukingo wa barabara, na ulegeze viwiko.

Sasa safari yenyewe, jinsi ningeipanga mimi kwa watu wawili wanaokwenda mara ya kwanza.

Msiendeshe kutoka Nairobi hadi Flyover. Barabara kuu ya Nakuru kuanzia Limuru kwenda juu ina malori, ukungu na madereva wenye haraka, na hakuna utamu wowote wa kuifanya ile kwa baiskeli. Pandeni matatu ya Njabini mchana wa siku ya kabla, baiskeli ziende juu kwenye keria, na mpatane bei ya baiskeli kabla ya kupakia, si baada ya kufika. Ondoeni chupa na taa. Mkono wa gia wa nyuma uangalie juu, usilaliwe na gunia. Laleni Njabini.

Siku ya kwanza anzeni upande wa bwawa la Sasumua, ambalo sehemu ya maji ya Nairobi hutoka huko tangu miaka ya 1950. Kisha fuateni ukanda wa juu kuelekea kaskazini, mkipita upande wa Heni, hadi usawa wa Engineer. Shukeni Engineer mle: chai ya maziwa iliyokolea, chapati na ndengu, au githeri. Maji ya kunywa nunueni au muombe yaliyochemshwa. Ya mitoni yamepita kwenye mashamba yanayopuliziwa dawa na malisho ya ng'ombe. Baada ya Engineer, kama kumekauka, mchana ni wa ukanda wa kati au wa ukingoni, ambako mtaona mabaki ya nyasi za asili za Kinangop, zile zinazoota kwa mafungu mafungu. Humo huishi ndege mmoja mwenye mgongo wa kahawia wenye michirizi na kifua cha manjano, Macronyx sharpei, ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya, na Kinangop ndiyo ngome yake kubwa. Anataga chini, ndani ya fungu la nyasi. Malisho mengi yameshalimwa na kila kipande kilichobaki kina thamani. Kwa hiyo hata njia ya mkato iwe tamu vipi, msikate nyasi kwa magurudumu. Simameni barabarani mtulie. Mkibahatika mtamwona akiruka chini chini.

Usiku laleni Ndunyu Njeru au Engineer kwenyewe. Kutoka Njabini hadi Ol Kalou ni zaidi ya kilomita 70 kwa lami, na kwa kuzungukazunguka kwenu mtafika karibu 100, ambazo kwa siku mbili zinatosha kabisa. Mkiwa na siku ya tatu, itumieni kwenda polepole.

Siku ya pili kuna uamuzi mmoja mkubwa: Mlima Kipipiri. Umesimama peke yake mbele yenu, mita 3,349, na mnaweza kuupita kushoto au kulia. Kushoto, kupitia Miharati, ni wazi zaidi, ni rahisi, na ni karibu na lami. Kulia ni Geta kisha bonde la Wanjohi, kati ya Kipipiri na Aberdare, na kama udongo unaruhusu msifikirie mara mbili. Mnakuwa na mlima kila upande, mto chini, mashamba ya viazi na kabichi yamepanda hadi miguuni pa msitu, na barabara inapinda pinda kuufuata mwinuko badala ya kuukata. Ni sehemu nzuri kuliko zote za safari hii. Ni sehemu yenye unyevu pia, kwa hiyo lile swali la gari la maziwa liulizeni Geta kabla ya kuingia. Mkishatoka Wanjohi ardhi inafunguka, na Ol Kalou, makao makuu ya kaunti, iko mbele.

Kama hali ya hewa itageuka siku ya kwanza au mmoja wenu ataugua, kuna njia ya kutoka: teremkeni Naivasha. Ila mteremko huo unawashusha mita 700 hivi, na nataka mshuke kwa adabu. Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani aliyewafungulia waendeshaji wengi wa Kenya mlango wa mashindano ya graveli, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwa kasi mashindanoni Vermont, Marekani. Alikuwa mtaalamu hasa. Ninamtaja kwa heshima, na kwa sababu mteremko wa changarawe hauangalii ujuzi wa mtu. Pimeni breki kabla ya kuondoka Nairobi, na kama pedi zimebaki unene wa shilingi, badilisheni. Punguza kasi kabla ya kona, si ndani ya kona. Kwenye changarawe iliyolegea shika breki ya nyuma zaidi, ya mbele iguse taratibu. Mkisikia mikono inakufa ganzi kwa baridi, simameni. Vidole vilivyoganda havishiki breki.

Ndovu. Aberdare ina ndovu, nyati, na chui, na msitu uko pale pale. Kinachowatenganisha na mashamba ni ua wa umeme wa takriban kilomita 400, ulioanza kujengwa mwaka 1989 chini ya shirika la uhifadhi la Rhino Ark na kukamilika 2009. Njia zote nilizozitaja ziko nje ya ua huo. Ukitembea nao mkono wa kulia usiuguse wala usiegemeze baiskeli, kwa sababu fremu ya chuma au alumini hupitisha umeme. Msipite kwenye lango lolote la msitu bila kibali, hata mkikuta liko wazi na wachungaji wanaingia. Na ile barabara mliyoiona kwenye ramani ikipanda kutoka upande wa Ndunyu Njeru, lango la Mutubio, na kuvuka mlima hadi Nyeri, iko ndani ya mbuga ya taifa na hupita zaidi ya mita 3,000. Isitoke kwenye ramani mkaiingiza kwenye ratiba. Mkitaka kuendesha kati ya wanyama kwa uhalali, Hell's Gate iko pale chini Naivasha na baiskeli zinaruhusiwa. Nje ya ua, karibu na msitu, msiendeshe kabla ya jua kuchomoza wala baada ya kutua.

Kwa kweli mnyama mtakayekutana naye ni mbwa. Kila boma lina mbwa, na baiskeli inayokimbia humwamsha. Kumkimbia kwenye kilima huwezi. Shuka, iweke baiskeli kati yako naye, tembea polepole ukizungumza kwa sauti ya kawaida, na mwenyewe atamwita. Akiuma, hata kidogo, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 na mwende hospitali siku hiyo hiyo mkapate chanjo ya kichaa cha mbwa. Hilo haliahirishwi hadi mrudi Nairobi. Punda wa mikokoteni nao hushtuka. Piga kengele mbali, mwache mwenye punda ajue mko nyuma yake.

Kabla ya yote hayo, chukueni Jumamosi moja mwende Kereita, ncha ya kusini ya msitu wa Aberdare, upande wa Lari. Lipeni kiingilio cha msitu, fungeni mzigo wote mtakaobeba Kinangop, hata kama mnaona aibu kuubeba kwa siku moja, na mpande kwa saa nne. Kimo kinakaribiana, udongo unafanana na wa ukanda wa juu, na vilima havina huruma. Kama gia mpya inakuruhusu kukaa kitini hadi juu, na dada yako bado anazungumza mkifika, wekeni tarehe ya Februari. Kama mzigo unagonga gurudumu au goti linalalamika, rekebisheni na mrudi Kereita tena.